Uso wa Kwenye Kitambulisho

"Sogea karibu na mwanga," simu iliandika, na dada yangu akasogea karibu na mwanga.

Alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni, mkono mmoja umebana mtandio chini ya kidevu, mwingine umeinua simu mbele yake. Simu ikamtaka ageuze kichwa kushoto. Akageuza. Kulia. Akageuza. Kisha ikamtaka afumbe macho na kuyafumbua, na hapo ndipo palipokuwa na matata, kwa sababu jicho lake la kushoto halikuwa limefumba sawasawa tangu siku ya moto. Duara la kijani likazunguka, likazunguka, likageuka jekundu. *Uso haulingani na picha ya kitambulisho. Jaribu tena.*

Mama alikuwa anamenya vitunguu mezani na kisu chake kilikuwa kimesimama. Nami nilikuwa mlangoni na sare ya kazi mwilini, nachelewa, lakini miguu haitaki kuondoka.

"Labda ni mwanga," nikasema.

"Si mwanga," Dada alijibu bila kugeuka, akatii tena: kushoto, kulia, fumba, fumbua.

Picha ya kwenye kitambulisho ilipigwa akiwa msichana mwenye mashavu ya mviringo na nyusi za upinde, mwenye kiburi kidogo cha anayejua kwamba akipita hutazamwa. Mwaka uliofuata jiko la mafuta lilimlipukia usoni. Nilikuwa bado mwanafunzi. Niliporudi nyumbani nilikuta ukuta wa jikoni mweusi na majirani wanazungumza kwa sauti za chini. Alipotoka hospitali, nusu ya uso wake ilikuwa imevutwa kuelekea shingoni, kama kitambaa kilichoshonwa na uzi uliokazwa mno. Akaingia ndani, na ndani akakaa.

Baba alikuwa fundi cherehani, wa kuzitengeneza, si wa kuzishonea. Hakuwa mtu wa maneno. Hakumwambia Dada ajikaze wala hakumsomea methali. Alianza tu kupanda ngazi kila jioni na kichwa cha cherehani ndani ya gunia, anahema, anakiweka mbele yake na kumwambia, "Hiki kimenishinda. Hebu kitazame." Havikuwa vimemshinda. Mpaka Baba anafariki, Dada alikuwa anaweza kusikiliza mashine ikizunguka chumba cha pili na kukwambia ni jino gani limelika. Baba alituachia chumba cha nyuma kilichojaa mizoga ya cherehani mpaka darini, na mwanamke mmoja duniani aliyejua kuifufua.

Kuiuza mtandaoni lilikuwa wazo langu. Nilikuwa mpokeaji wa mizigo kwenye ofisi ya vifurushi, na kila siku niliona watu wakituma vitu walivyouza kwa mnada kwenye simu: vioo, redio, viatu vilivyovaliwa mara moja. Tukaipiga picha cherehani moja ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni, tukaiweka mnadani. Jina la muuzaji alilichagua Dada mwenyewe: Sindano Moja. Watu watatu walipandiana dau mpaka Mama akaogopa, akadhani tumeingia kwenye kamari.

Lakini Mama alikuwa na sharti lake. Taslimu, na mnunuzi aje mwenyewe.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. "Aje, aone, alipe, abebe. Pesa ni ile inayokwaruza kidoleni. Hiyo ya hewani ikipeperuka, utamshika nani shati?"

Basi wakawa wanakuja. Mama akiwapokea sebuleni, na Dada akibaki nyuma ya pazia, anasikiliza mashine yake ikijaribiwa na mikono asiyoijua. Siku nyingine uvumilivu ulimwishia. "Mwambie asizungushe kinyumenyume!" pazia lilifoka, na mnunuzi akaruka kama aliyesikia jini. Tulicheka sana na hilo, hata yeye alicheka. Ndiyo ilikuwa biashara yetu, mguu mmoja ndani na mwingine nje, mpaka alipokuja yule bwana wa shati jeupe.

Alikuwa ameshinda mnada wa cherehani bora kuliko zote tulizowahi kuuza. Alipoijaribu, uzi ukakatika. Akajaribu tena, ukakatika. Mama akababaika, na Dada akatoka. Alitoka tu, akainama, akapitisha uzi bila hata kuutazama, akazungusha gurudumu, na mshono ukateremka kwenye kitambaa umenyooka kama mstari wa rula. Yule bwana hakuutazama mshono. Alimtazama Dada, akatazama ukuta, akatazama viatu vyake, kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba atalipa nusu.

"Nusu kwa nini?" Mama akauliza.

"Sikujua inatoka kwa... Vitu vya namna hii, mama, mtu anapenda kujua vilikaa wapi."

"Uso umeumbwa na haya," Mama akamwambia. "Wako sijui umeumbwa na nini." Akamfungulia mlango, na maneno aliyomsindikiza nayo kwenye ngazi sikujua kwamba anayajua.

Dada alikuwa amerudi kwenye stuli yake, anafuta mafuta vidoleni.

"Kuanzia sasa watalipa kwa simu," alisema. "Mimi naandaa, mdogo wangu anatuma."

"Na wakikudhulumu?"

"Yule alinifanya nini, Mama? Wewe unataka kuziona pesa. Mimi nataka wasinione."

Mama akarudi kufunga mlango.

Siwezi kudanganya, ulikuwa wakati mzuri. Wanunuzi walitoka miji ambayo hatujawahi kufika. Pesa ziliingia kwa mlio mdogo kama tone la maji kwenye ndoo, na Dada alizoea kuinua kichwa kila aliposikia mlio ule. Kilichomnenepesha zaidi lakini ni maneno ya wanunuzi. *Fundi huyu ana mikono.* *Mashine imefika inaimba.* *Sindano Moja, Mungu akuzidishie.* Aliyasoma kwa sauti tukiwa mezani, akijifanya anamdhihaki aliyeandika, kisha nikawa namkuta anayasoma tena peke yake. Kwa mara ya kwanza tangu moto, kulikuwa na watu waliomjua kwa kitu kingine.

Ndipo akapata habari ya kiwanda cha nguo kilichofungwa. Walikuwa wanauza cherehani zao zote za zamani kwa mkupuo, na alihesabu kwamba zingempa kazi ya miaka. Akaacha malipo yajikusanye kwenye akaunti bila kugusa. Mama alimsihi azitoe azihifadhi chini ya godoro. Dada akacheka, akamwambia godoro halina neno la siri.

Kisha, kampuni ya malipo ikatangaza kwamba wateja wote sasa wahakiki nyuso zao, kwa usalama wao. Wauzaji wenzake walimaliza kwa kupepesa macho. Dada alimaliza asubuhi nzima kwenye dirisha la jikoni, na mwishowe simu ikamwambia kwamba majaribio yamezidi, akaunti imefungwa, afike ofisini mwenyewe.

Hakuwa ameshuka zile ngazi mchana tangu tulipomzika Baba.

Tulikwenda watatu. Dada alitembea katikati yetu, mtandio umefika kwenye nyusi, anapiga hatua fupi kama mtu aliyeazima viatu. Ofisi ilikuwa ya vioo, yenye kiyoyozi na viti vya rangi ya chungwa, na watu wametulia wanasubiri namba zao. Kwenye kaunta alikuwapo binti mmoja mpole. Nasisitiza upole wake, kwa sababu kwa muda mrefu nilitamani angekuwa na dharau ili nipate wa kumchukia.

"Samahani, dada yangu, naomba utoe mtandio kidogo."

Dada akautoa. Hakuutoa kidogo, aliuvuta wote, akaukunja, akauweka kaunta. Nyuma yetu mazungumzo yalikatika, na watu wengi kwa pamoja wakakumbuka kwamba wana simu za kutazama. Mama aliinamisha macho sakafuni. Binti alitazama kitambulisho, akamtazama Dada, akarudi kwenye kitambulisho.

"Ni wewe huyu?"

"Nilikuwa mimi."

Binti alibonyeza vitu kwenye kompyuta. Akaenda nyuma kuuliza, akarudi. "Mfumo haukutambui," alisema.

"Mfumo haunitambui. Wewe je?"

"Mimi nakuona, dada. Nakuamini kabisa. Lakini siyo mimi ninayeamua." Akatushauri tukabadilishe kitambulisho, picha iwe mpya.

Kwenye ofisi ya vitambulisho wakasema hiki bado hakijaisha muda, hakibadilishwi mpaka tulete taarifa ya daktari ya ajali yenyewe. Hospitali wakasema kumbukumbu za zamani hivyo ziliharibiwa na maji ya bomba lililopasuka, wakatuelekeza turudi kwa kampuni ya malipo tukaombe huruma. Kila mlango ulituonyesha mwingine, kwa adabu zote. Dada alikuwa anavua mtandio kila mahali alipoambiwa, na kila mara aliukunja vizuri. Kwenye ule mlango wa mwisho alichoka kuuvaa tena, akarudi nyumbani ameubeba mkononi. Sikujua kama huo ni ushindi au ni kukata tamaa, na mpaka leo sijui.

Cherehani za kiwanda zilinunuliwa na mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Nasikia aliziyeyusha.

Baadaye ulikuja ujumbe wa mwisho: kwa kuwa mwenye akaunti hakuthibitika, akaunti imefutwa na malipo yaliyokuwemo yamerudishwa kwa waliolipa. Waliolipa walikuwa na mashine zao tayari. Niliwaandikia mmoja mmoja, kwa lugha ya kuomba, kana kwamba sisi ndio tuliokosea. Mmoja alitutakia kila la heri. Mwingine alijibu, *Hayo ni yenu na kampuni.* Waliobaki walikaa kimya. Ni watu walewale walioandika kwamba Mungu amzidishie.

Nilingoja Mama aseme, *Niliwaambia.* Alikuwa na haki yake. Alisoma ujumbe ule, akaurudia taratibu, akainuka kwenda kuosha kikombe kilichokuwa kimeoshwa.

Ilibidi tuendelee, kwa sababu kula hakusubiri. Tukafungua akaunti kwa jina langu. Nilisimama dirishani, nikageuza kichwa kushoto, sikuwahi hata kufika kulia. Uso wangu ulishakubaliwa. Nilitamani ungekataliwa, hata mara moja tu, kwa heshima. Wanunuzi wapya wakaanza kuniandikia: *Hongera bwana fundi. Bwana fundi una mikono.* Mimi, ambaye nikikaza skrubu hukibana na kidole changu. Sikutaka kumsomea, lakini aliniuliza wamesemaje, nikamsomea.

"Mjibu basi, bwana fundi," alisema, bila kuinua macho kwenye kazi. "Usiwe na kiburi. Sema ahsante."

Nikaandika ahsante.

Msimu wa baridi ulipoingia, alasiri moja mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja mnene, fundi nguo, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, anahema ngazi zote kwa mkupuo mmoja. Alisema ametoka safari ya basi. Jina la Sindano Moja na mtaa alivipata kwenye karatasi ya kifurushi, na ilibidi aulize nyumba hadi nyumba.

"Pesa zangu zilirudi," alisema, "na cherehani ninayo, nashona nayo kila siku. Nimejaribu kuzituma tena, hakuna pa kuzituma. Nikasema hapana, nitaota vibaya." Akatoa bahasha kifuani, akampa Mama kwa mikono miwili. Mama aliishika bila kuifungua. "Na fundi mwenyewe yuko wapi?" mgeni akauliza. "Kuna jambo nataka kumuuliza. Kwenye kitambaa kizito inanirukia mishono."

Nilikuwa nimeingia nyuma yake kutoka kazini, boksi tupu mikononi. Nilifungua kinywa niseme ni mimi, kwa mazoea.

"Umebadilisha sindano?" Dada akauliza.

Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma, kichwa wazi, bisibisi mkononi. Yule mama alimtazama, akamtazama vizuri, bila kukimbilia ukutani wala kwenye viatu. Kisha akasogeza kiti, na wakaanza kuzungumza habari za sindano nene na sindano nyembamba, za uzi wa bei rahisi unaoacha vumbi, za bobini ya chini inayojazwa uzi kupita kiasi. Mama alileta chai. Nilisimama tu, sikumbuki kwa nini sikuliweka chini lile boksi.

Alipokuwa anainuka kuaga, yule mama aliunyoosha mkono, akaugusa ule upande wa uso uliovutwa, kama fundi anavyogusa kitambaa kujua ni cha aina gani.

"Hapa panauma?" aliuliza.

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuuliza. Tulijua kunyamaza, tukadhani ndiyo heshima.

"Baridi ikianza," Dada alisema. "Baridi ikianza panauma sana, mpaka kwenye meno."

Mama aliiweka birika chini. Nje kulikuwa na baridi, na nilianza kuhesabu ni misimu mingapi ya baridi ameumia bila sisi kumuuliza.