Mboga za Watu wa Stoo

Siku kantini ya kiwanda cha mifagio ilipofunguliwa tena, Auma aliipika kabichi kama alivyozoea. Aliikata vipande vikubwa, akajaza sufuria, akatia maji, akafunika, akaiacha motoni tangu saa nne mpaka ikakata tamaa. Upande wa stoo harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa haijaisha, ingawa mafundi walikuwa wamepaka ukuta rangi mpya, na meneja, Bwana Kang'ethe, alikuwa amewaambia wafanyakazi kwamba kazi ni kazi. King'ora cha mchana kililia. Watu wakapanga foleni na sahani zao. Wa mwisho alipokwisha kupakuliwa, wakaja wale waliofia stoo.

Hawakuwa na haraka. Walinawa mikono kwenye bomba la nje, wakakung'uta maji, wakachukua sahani. Maluki, fundi wa mashine, alikuwa bado na nywele za brashi kwenye nyusi. Wakonyo, msichana wa Gatundu aliyekuwa akifunga mifagio kwa dazeni, alikuwa amebeba viatu vyake mkononi. Nyuma kabisa alisimama Nicanor, mume wa Auma, ambaye walimzika Ugenya mwezi uliopita. Auma alimpakulia ugali, nyama na kabichi, kipimo kilekile cha kila mtu.

"Asante, Mama Awiti," Nicanor alisema, akaenda kukaa na wenzake kwenye meza ya dirishani, walipokuwa wakikaa siku zote.

Walikula kidogo. Wakonyo ndiye aliyerudisha sahani, na nyama ilikuwa juu yake haijaguswa.

"Si ubaya, Mama Awiti," alisema. "Nyama haina ladha kwetu tena. Ni kama kutafuna karatasi. Ugali nao ni vivyo hivyo. Tunasikia mboga tu."

"Mbona hata hizo mmeacha?"

"Tunazisikia kwa mbali. Ulizichemsha mpaka zikaisha."

King'ora kililia tena. Wakainuka, wakaingia stoo pamoja na wale walioajiriwa kushika nafasi zao, na msimamizi akapitisha mnyororo kwenye mishikio ya mlango, kwa nje, akatia kufuli. Mnyororo ulikuwa mpya. Ule wa zamani ulikuwa umepinda kwa joto.

Jioni Auma alirudi Ruiru, kwenye chumba chao cha Kihunguro. Awiti, binti yake wa pekee, alikuwa ameinamia beseni akiosha vyombo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa hajapata kazi ya kushika.

"Baba yako alikuja kula leo," Auma alisema.

"Alikula?"

"Kidogo."

"Alisema nini?"

"Alisema asante."

Awiti aliinua uso. "Baba? Alisema asante?"

"Ndiyo."

Msichana akaendelea kusugua sufuria. Auma alikaa kitandani akala viazi vilivyobaki. Hakusikia ladha yoyote, wala hakuitarajia. Tangu siku ya moto, kila alichotia mdomoni kilikuwa kitu cha kumeza tu. Kwenye mazishi watu walilia mpaka wakakauka sauti, naye akawapitishia chai, akahakikisha kila mtu ana kikombe. Wakwe zake walisema ni mwanamke jasiri. Yeye alijua si ujasiri. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa, ambao unauona ni wako lakini huuhisi.

Kesho yake Wakonyo alikuja mapema kidogo, akaegemea dirisha la kupakulia.

"Kata kabichi nyembamba, kama unataka kushona nayo," alisema. "Moto uwe mkali. Kitunguu kitangulie, na usikiharakishe, kigeuke rangi, si kulainika tu. Ukishatia kabichi usiongeze maji, ina maji yake. Usifunike. Geuza, geuza, epua kabla haijalala."

"Na chumvi?"

"Mwisho. Ukitia mwanzo itatoa maji yote na utakuwa umerudi kule kwa jana."

Auma alifanya hivyo. Kabichi ilitoka ya kijani, bado na mlio ndani. Alichota kijiko akaonja, akameza, asisikie kama imekolea. Nicanor alikuwa amekuja na sahani yake. Auma akamnyooshea kijiko.

"Chumvi?"

Nicanor alionja. Alifumba macho. "Ongeza."

"Sasa?"

"Bado kidogo."

"Sasa?"

"Wacha hapo."

Ikawa ndiyo kawaida yao. Katika ndoa yao yote hawakuwahi kuzungumza maneno mengi hivyo juu ya chakula. Nicanor alipokuwa hai aliita mboga chakula cha sungura. Akikuta sukuma bila nyama aliigeuzageuza kwa tonge kama mtu anayetafuta sarafu kwenye majani, kisha anatoka kwenda kutazama mpira. Naye Auma, ambaye alikuwa anapika kutwa nzima kazini, akifika nyumbani alichemsha chochote kilichokuwepo, akaweka mezani, akavua viatu.

Sasa alianza kushuka sokoni mwenyewe asubuhi, kabla ya kwenda kiwandani Thika, kuchagua mboga zilizoletwa na wakulima wa Theta zikiwa bado na umande. Alijifunza kuosha sukuma kabla ya kuikata, si baada, ili utamu usiende na maji. Nyanya aliziacha zikaangike mpaka mafuta yajitenge pembeni, ndipo mboga ziingie. Terere alilipika kwa maji yaliyobaki kwenye majani tu. Maluki aliomba kunde, akasema mama yake kule Mwala alizitia magadi kiasi cha kucha, zikalainika bila kupigwa moto mrefu. Auma akatia magadi kiasi cha kucha. Siku ya managu hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alizichemsha, akamwaga maji machungu, akazilaza kwenye maziwa, na siku ya pili akazipasha taratibu, kama alivyoona zikipikwa kwao tangu akiwa mtoto na kama ambavyo hakuwahi kumpikia mtu yeyote.

Wa meza ya dirishani walikula wakamaliza. Maluki alipangusa sahani kwa kidole. Walio hai nao wakaanza kurudi kuomba nyongeza, na habari ikapanda mpaka ofisini. Bwana Kang'ethe akateremka na sahani yake ya udongo.

"Mama Awiti, sasa hii ndio chakula," alisema. Alitazama meza ya dirishani, akawapungia mkono, nao wakampungia. "Hawa wapakuliwe mwisho tu, shifti isichelewe."

"Huwa wanakuja mwisho."

"Sawasawa basi."

Baadaye akaja afisa kutoka Nairobi, Bwana Absalom, kuchunguza moto. Alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi. Aliwahoji mafundi wa umeme, akapiga picha ukuta wa rangi mpya, na mchana akaletwa kantini. Wakonyo alisimama akaenda mpaka mezani pake.

"Mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, kwa nje," alisema. "Tuligonga. Msimamizi alikuwa ameenda na funguo."

"Nyote mnasema hivyo?"

"Sote," Nicanor alijibu kutoka dirishani.

Absalom alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Nawasikia. Shida ni kwamba maelezo yanapokelewa pamoja na kitambulisho. Mna vitambulisho?"

Vilikuwa vimeungua. Absalom akasema pole. Akamalizia managu zake, akamwuliza Auma kama zimebaki kidogo, akafungiwa za kubeba. Ripoti yake ilipotoka ilisema ni hitilafu ya nyaya. Haikutaja mlango.

Auma alipanda ofisini akiwa bado na aproni.

"Boss, ule mnyororo wa stoo. Si utolewe?"

"Mama, brashi zilikuwa zinapotea," Kang'ethe alisema. "Tangu tufunge, hakuna hata moja imepotea."

"Watu walipotea."

"Na kwa hilo poleni sana." Alisema kwa moyo, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo. "Ndiyo maana nilitaka kukuita. Kampuni haiwezi kukusahau. Yule msichana wako amemaliza shule, ama? Aje. Tumpatie nafasi ya baba yake."

Auma alishuka ngazi akarudi jikoni. Viazi vilikuwa vimeanza kushika chini ya sufuria. Akavigeuza.

Alimwambia Awiti jioni ile, kwa sababu hakuwa na kawaida ya kumficha, na akamwambia pia asikubali. Awiti alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasuka nywele zake mwenyewe kwa kioo kidogo.

"Mum, nifanye nini sasa? Nimeuliza kwa maduka yote mpaka Kahawa Wendani. Wanasema watanipigia simu."

"Watapiga."

"Hawatapiga. Na wewe umechoka, nakuona. Unakula kama mtu amelazimishwa." Alimaliza msuko mmoja, akaanza mwingine. "Si nitakuwa karibu na nyinyi wote wawili?"

Auma alitafuta ndani yake hofu, au hasira, au kilio ambacho kingemfanya msichana abadili nia, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda kutafuta kiatu. Akakuta sakafu tu.

Mchana wa kesho yake alimweleza Nicanor. Alikuwa amesimama kwenye dirisha la kupakulia na kijiko mdomoni.

"Mwambie asije," Nicanor alisema.

"Nilimwambia."

"Mwambie tena."

"Unajua Awiti alivyo. Ni wewe mtupu."

Nicanor alirudisha kijiko. "Basi siku hiyo pika majani ya maboga," alisema. "Anayapenda."

Auma hakuwa akijua. Alikuwa amemlea msichana huyo miaka yote, na hakuwa akijua.

Siku Awiti alipoanza kazi, Auma alikaa nje ya jiko tangu asubuhi akimenya nyuzi za majani ya maboga, moja moja, mpaka vidole vikawa vya kijani. Aliyapika na kitunguu na karanga za kusagwa, akayaacha majani yanywe karanga polepole. Nicanor alionja, akasema yako sawa, akaenda kukaa.

King'ora kililia. Awiti aliingia na wenzake, amevaa koti la kazi lililokuwa refu mikononi. Tayari alikuwa na nywele za brashi kwenye shingo. Auma alimpakulia bila kumtazama sana, kipimo cha kila mtu, kisha akaongeza kijiko kimoja. Awiti akatabasamu. Akageuka na sahani yake, akawaona wa meza ya dirishani, akaenda moja kwa moja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Wakonyo, aliyekuwa na adabu tangu uhai wake, alisogea kwenye benchi akampa nafasi. Awiti akainua mguu apite. Nicanor akaweka mkono wake pale palipoachwa wazi, kiganja kikiwa kimeelekea chini, akaukandamiza.

"Hapa pana mtu," alisema.

"Nani? Si ni wazi, Baba?"

"Pana mtu."

Maluki alitazama sahani yake. Awiti alisimama kidogo na ule mguu mmoja juu ya benchi, uso umemwiva kwa aibu, kisha akaushusha akaenda kukaa na walio hai, karibu na mlango wa kuendea bomba, akiwapa mgongo. Kutoka jikoni Auma alimwona akila. Alikula kwa hasira, akamaliza kila kitu, nyama na ugali pia. Nicanor hakuondoa mkono wake kwenye benchi muda wote ule, wala hakugusa chakula chake.

King'ora kilipolia tena, watu waliinuka wote pamoja, benchi zikakwaruza sakafu. Nicanor alisimama kando ya mlango wa stoo, akawaacha wapite, akamwacha Awiti apite, akaingia nyuma yao, akabaki amesimama palepale nyuma ya mlango, bega lake likiwa kwenye mbao zake, kama la mtu aliye tayari kuuvunja. Msimamizi alivuta mlango, akapitisha mnyororo, akatia kufuli, akaenda na funguo zake upande wa ofisi.

Auma alikusanya sahani. Alianza na meza ya dirishani.