Saa Iliyofichwa kwa Nta

Kioo cha saa kilikuwa kimekwaruzika hata mishale haikuonekana. Cibalonza ndiye aliyekikwaruza, kwa mkono wake mwenyewe, wakati wa vita ya kwanza, askari walipoingia nyumba kwa nyumba. Mwanawe Ezéchiel alikuwa amemwachia saa hiyo asubuhi alipokimbia. "Maman, unichungie," alisema. Na kwa kuwa kila kilichong'aa kilichukuliwa, mama aliisugua kwenye ngazi ya sementi mpaka ikawa mbaya. Askari aliyeikuta aliigeuzageuza, akaitupa chini. Ndivyo ilivyobaki.

Sasa ilikuwa vita ya pili. Mwanamke mmoja muuza mchele alimletea habari kutoka Luberizi, kule bondeni: Ezéchiel ni mzima, na Jumapili atapanda Bukavu kumwona. Cibalonza alimshukuru Mungu, kisha akaona haya. Amrudishie mtoto saa iliyo hivi?

Jumamosi akaenda Nyawera, kwa Papa Apollinaire, fundi wa saa mwenye meza pembeni ya soko.

"Maman, hii saa ulisongea bugali?" fundi akauliza.

"Niliificha, papa. Niliisugua kwenye ngazi, askari wasiitake."

Apollinaire hakutania tena. Alimsogezea kiti chake cha pekee, yeye akabaki amesimama.

"Una bahati," alisema. "Kioo hiki ni plastiki. Plastiki inasamehe."

Alianza na msasa laini uliolowa, polepole, kwa kuzungusha. Kisha akachukua kipande cha shati kuukuu, akakipaka dawa ya meno, akasugua tena, akipangusa ukingoni maji yasiingie ndani. Cibalonza alimtazama vidole. Ukungu ukapungua. Ukaonekana mshale mfupi, kisha mrefu, kisha namba zote kama siku ile Ezéchiel aliponunua saa hiyo kwa mshahara wake wa kwanza. Machozi yakamtoka.

"Unarudi nyumbani kwa njia gani?" fundi akauliza.

"Ya juu."

"Pale kwenye bariyere?"

Furaha ilikuwa imemsahaulisha Cibalonza kizuizi kile cha askari barabarani. Apollinaire akashusha pumzi, akawasha mshumaa. Alidondosha nta juu ya kioo kile kizuri, akaichanganya na masizi, akaitandaza kwa kidole.

"Papa, unaniua!"

"Nta inatoka, maman. Ukifika, pangusa na kitambaa kikavu."

Kwenye bariyere, askari kijana alimfungulisha bibi huyo fundo la kitambaa alimoweka saa.

"Koko, hii iko nini?"

"Saa ya mutoto wangu."

"Saa? Inafanana kifuniko ya chupa ya bière!" Wenzake wakacheka. Lakini hakuitupa. Aliiweka kwenye kiganja cha bibi, akamwachia apite. Cibalonza aliliona hilo pia.

Jumapili, baada ya misa, Ezéchiel akaja. Alikuwa amekonda, na alichagua kukaa karibu na mlango. Mama alimpa saa na kitambaa.

"Pangusa mwenyewe."

Akapangusa. Mishale ilipotokea, alicheka kwa mara ya kwanza, akaivaa, akaiweka sikioni. Mama akamjazia sahani, akiutazama mkono ule wenye saa. Moyo wake ukatulia: neno lake amelitimiza.

Walipomaliza kula, Ezéchiel akaivua saa mkononi.

"Kesho nashuka, maman. Mke wangu ana mimba kubwa. Na bariyere za kule, kwa saa kama hii watakukata mkono."

"Basi nilihangaika bure?"

"Si bure. Nimeiona." Akaisukuma mezani. "Unichungie tena."

Mama aliondoa sahani. Usiku hakulala vizuri; alisikia kila gari lililopita, na kila mara aliinuka kuhakikisha mwanawe bado yuko kwenye mkeka.

Asubuhi Ezéchiel alimkuta amesimama mlangoni na saa mkononi, akiitazama ngazi ya sementi.

"Maman, si vile tena," alisema kwa hofu.

"Hapana. Kaa kwanza. Lete mshumaa."

Ezéchiel akauleta, akaketi, akaishika saa kwa mikono miwili isitikisike. Mama akaiinamia kwa karibu, akadondosha nta, akipuliza kila tone ligande, mpaka mishale ikafichika, na saa ya safari ya mwanawe ikawa haisomeki tena.