Permuta ya D na E

Ilikuwa Jumapili saa nane mchana, na dansi ilitakiwa ianze saa kumi. Eneida Zaldívar alikaa mbele ya kompyuta, miwani kwenye ncha ya pua, akitazama orodha ya danzón zake, nyimbo mia nne na kumi na mbili za dansi ya taratibu ya Kuba. Zote zilikuwa nyekundu. Alibofya ya kwanza, akabofya ya pili, na kila mara kompyuta ilimpa jibu lile lile: faili halipo kwenye D.

"Lipo!" aliifokea. "Nimeliweka mwenyewe!"

Orodha hiyo alikuwa ameipanga kwa miaka kumi na mmoja, tangu klabu ya danzón ilipoanza kukutana katika ua wake pale Matanzas. Mafaili yenyewe yalikuwa na namba tupu. Orodha peke yake ndiyo iliyojua ipi ni ipi, na ipi inafuata ipi. Jumapili iliyotangulia alijaribu kubahatisha, akawafungulia wazee rumba ya kasi, na mzee Casimiro akateguka nyonga mbele ya watu. Nusu ya wanachama waliondoka wakisema wiki ijayo watajaribu kwa Hortensia, ng'ambo ya mto, ambaye redio yake ya kaseti haijawahi kugoma. Leo muziki ukikosekana tena, klabu imekwisha. Eneida alilijua hilo vizuri, na wiki nzima hakupata usingizi wa maana.

Chanzo cha balaa kilijulikana. Diski ya zamani ya kompyuta ilianza kukoroma, fundi Yusleidy akaweka mpya, akaigawa kama ile ya kwanza, kila sehemu na herufi yake: C ya kompyuta yenyewe, sehemu moja ya danzón za Eneida, na sehemu nyingine ya kumbukumbu za njiwa wa mdogo wake, Anselmo. Kila kitu kilihamishwa salama, ila herufi zilipishana. Zamani D ilikuwa ya Eneida na E ya Anselmo. Sasa D ilikuwa ya njiwa na E ya danzón. Orodha ya nyimbo ilikwenda D kama ilivyozoea, ikawakuta njiwa.

Anselmo naye alikuwa na kilio chake. Njiwa wake wa mashindano, pamoja na wazazi wao, mababu zao na kasi ya kila mmoja, walikuwa kwenye programu iliyokuwa ikitafuta E na kuambulia violini. Alikuwa na miaka sitini na saba, fulana yenye matundu, na karatasi ya ndizi za kukaanga mkononi. Alisimama mlangoni akimtazama dada yake akihangaika.

"Mashine yako imechoka, dada."

"Ahaa! Ikiwa nzima ni yetu, ikigoma ni yangu?"

"Si nimesema imechoka tu? Mpigie fundi."

Alimpigia. Yusleidy alikuwa kwa mama mkwe wake, na nyuma yake zilisikika kelele za watu na za nguruwe. "Mama Eneida, hiyo ni kazi ya dakika mbili! Fungua ukurasa wa kusimamia diski, bofya kitufe cha kulia juu ya sehemu yako, chagua kubadilisha herufi, weka D. Basi! Haya nakuacha, huku nguruwe ame..." Simu ikakatika, na yaliyompata nguruwe hayakujulikana.

Eneida alifuata hatua moja baada ya nyingine, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Ukurasa ukafunguka. Akaikuta sehemu yake, akabofya, akaletewa herufi achague. Kulikuwa na F, na G, na H, zikaendelea hivyo mpaka Z. D haikuwemo.

"Wameificha D!"

Anselmo alikuja akainama juu ya bega lake. "Hawajaificha. Ina mwenyewe. Ninakaa mimi."

"Basi toka."

"Nitoke niende wapi? E unakaa wewe."

Walitazamana. Halafu Eneida akapiga meza kwa kiganja, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Selmo! Hii si permuta hii?"

Permuta ilikuwa kazi yake kwa miaka thelathini na miwili. Enzi zile sheria ilikataza kuuza nyumba, kwa hiyo watu walibadilishana, na Eneida ndiye aliyezunguka mji mzima na daftari kwapani akiwakutanisha. Alijua jambo ambalo wateja wake walilisahau kila mara: familia mbili haziwezi kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja zikiwa na makabati. Lazima mmoja atangulie kutoka, alaze vitu vyake mahali pa tatu, kwa shangazi au kwenye gereji ya mtu, mwenzake aingie, ndipo naye akachukue nafasi iliyoachwa.

"Mmoja wetu aende Z," alisema. "Z haina mtu. Mwingine ahame, halafu wa Z arudi. Tumemaliza."

"Nani aende Z?"

"Wewe. Ni muda mfupi tu."

Ndizi ya Anselmo iliishia njiani. "Hebu rudia hapo."

"Dakika moja, Selmo."

"Mwaka tisini na nne uliniambia siku mbili."

Mwaka huo Eneida alimwomba mdogo wake atoke kwenye chumba cha mbele, kile chenye roshani, alale nyuma ya jiko kwa siku mbili, rangi ikauke. Rangi ilikauka. Ikapauka, ikabanduka, ikapakwa upya mara mbili. Anselmo bado alikuwa nyuma ya jiko, na kwenye chumba cha roshani kulikuwa na kabati la Eneida, cherehani ya Eneida, na Eneida mwenyewe. Katika miaka ishirini na mitatu walizungumza kuhusu njiwa, mchele na jirani asiyefunga bomba. Hilo la chumba hawakuligusa.

"Njiwa wangu hawaendi Z," alisema Anselmo. "Nakujua wewe."

Saa tisa na nusu sauti zilianza kusikika uani. Tomasa, mwanachama wa klabu, alikuwa wa kwanza kufika, na upepeo wake wa hariri. Casimiro akafuata akichechemea na fimbo.

"Eneida!" Tomasa aliita. "Leo kuna muziki au tuvuke mto mapema?"

Eneida alitazama orodha nyekundu, akamtazama mdogo wake, akapiga moyo konde.

"Nitakwenda mimi."

Alijua anachokifanya. Akishaingia Z, na Anselmo akirudi E, Anselmo atakuwa amepata chake na hamhitaji tena. Wateja wake wote aliwaonya: usikubali kuwa wa kwanza kutoka. Aliwatoza pesa kwa ushauri huo. Sasa akaibofya Z, na kompyuta ikamwonya kwamba programu zinazotegemea herufi huenda zikashindwa kufanya kazi.

"Zimeshashindwa, mpenzi," aliijibu, akabofya ndiyo. Kisha akainuka, akampisha Anselmo kitini.

Anselmo alifuta mafuta vidoleni kwa fulana, akaitoa sehemu yake D, akaipa E. Akafungua programu yake. Njiwa walijaa kwenye skrini, safu kwa safu.

"Zafira yupo! Na mama yake! Tazama, dada, hata yule kiguu!" Alikuwa na furaha kama mtu aliyepokea barua. Halafu akaegemea kiti, akakunja mikono. "Enhe. Na huko Z, hali ikoje?"

"Usinitanie, Selmo."

"Nauliza tu. Pana joto? Moshi wa jikoni unafika?"

Uani walianza kupiga makofi ya kuharakisha. Kipanya kilikuwa pale mezani, wala Eneida hakukishika. Angeweza kukinyakua. Hakukinyakua.

"Unafika," alisema. "Sikusahau, Selmo. Usidhani nilisahau. Kila mwaka nilikumbuka, nikakipenda chumba, nikanyamaza. Nimekuonea."

Masikio yalikuwa yamemwiva Anselmo.

"Si ungesema tu," alinong'ona. Akakishika kipanya, akaitoa sehemu ya dada yake Z, akaiweka D. "Haya. Ingia kwako."

Orodha ilibadilika kutoka juu kwenda chini, nyekundu ikawa nyeusi, nyimbo zote mia nne na kumi na mbili. Eneida alibofya ya kwanza. Filimbi ikaanza, violini zikaipokea, na uani wakapiga kelele kama watoto wa shule waliofunguliwa. Casimiro aliitupa fimbo.

"Kesho tunahama," Eneida alisema. "Kesho unarudi chumbani kwako."

"Kesho," alirudia Anselmo, akichukua ndizi nyingine. "Sawa, dada. Kesho."

Alilisema kwa upole, bila kinyongo, na ndiyo maana lilimchoma. Eneida alitoka akamshika Casimiro mkono, wakacheza. Danzón ina mahali pake pa kupumzika, ambapo muziki unaendelea lakini wachezaji wanasimama, wanajipepea na kusengenyana mpaka wimbo uwarudie. Ilipofika pumziko la kwanza, Eneida alimwacha Casimiro amesimama na nyonga yake, akaingia ndani. Waliobaki uani wakasikia kitu kikiburutwa, kikigonga ukuta, na mtu akitukana kwa sauti ya chini.

Pumziko lilikwisha na hakuna aliyecheza. Eneida alitokea mlangoni kinyumenyume, nywele zimefumuka, akivuta godoro lake.

"Mnatazama nini? Shikeni upande ule!"

Tomasa alishika. Casimiro akapokea mto. Anselmo alikuja mbio kutoka ndani, mdomo umejaa ndizi.

"Dada, unalipeleka wapi? Nyuma ya jiko bado kuna kitanda changu!"

"Najua," alisema Eneida akihema, akaliachia godoro katikati ya ua, watu wakisogea kulipisha. "Mimi nitalala hapa. Wewe ingia chumbani kwanza."