Sekunde Kumi na Moja za Ngongoti

Uwanja wa shule ya msingi niliufagia miaka tisa kabla hawajanikabidhi saa ya mpira wa kikapu. Mwalimu aliyekuwa akiitunza alihamishwa, tukabaki karibu na meza mimi na ufagio. Ufagio haujui kusoma, basi wakanichagua mimi, niliyeishia darasa la saba na cheti chenye doa la chai.

Saa ya watoto ni nyepesi. Robo moja dakika nane, na kikapu kikiingia saa inatembea tu, maana mwalimu mkuu anataka watoto wafike makwao jua likiwepo. Hakuna sekunde ishirini na nne za kulazimishwa kurusha; mtoto akitaka kukaa na mpira mpaka aote ndevu, shauri yake. Ukisikia kipenga unabonyeza, umemaliza kazi.

Mjukuu wangu nimemlea tangu binti yangu alipofariki. Alirefuka mpaka mtaa ukamwita Ngongoti, na mimi nikalizoea jina. Siku za kazi alipiga pasi mashuka kwa dobi, mikono imejaa alama za mvuke. Jioni alikuwa kapteni wa timu ya wanawake. Mwaka ule chuo cha walimu wa michezo kilitoa nafasi moja tu: kapteni wa timu itakayoshinda fainali ataingia bila karo. Ngongoti alikuwa ameshachagua hata kitanda atakacholalia, cha karibu na dirisha, kwenye bweni ambalo hajawahi kuliona.

Asubuhi ya fainali mtunza saa wa wakubwa akashikwa na tumbo. Refa, ambaye siku nyingine ni fundi viatu, akanijia mbio.

"Bibi, tusaidie. Ila kapteni mmoja ni mjukuu wako."

"Basi nitamnyima hata salamu."

"Sikiliza vizuri. Wakubwa ni dakika kumi kila robo. Na dakika mbili za mwisho za robo ya nne, kikapu kikiingia unasimamisha saa, hata kama sijapiga kipenga. Unaiwasha tena mpira ukiguswa ndani ya uwanja. Umenielewa?"

"Mwanangu, mimi nimeanza kutunza saa wewe bado unajikojolea."

Tukacheka wote wawili. Yeye akaenda kufunga viatu vyake, mimi nikakaa mezani na maneno yake yakaenda huko huko yanakoendaga.

Kocha wa wapinzani akaniona. "Leo tunapimiwa muda na chekechea?"

"Kaa chini, babu," nikamwambia, "usije ukalala kabla ya mapumziko."

Watu wakacheka. Lakini lile la chekechea lilinikaa kooni mchezo mzima.

Robo tatu zilikwenda salama. Ya nne ikafika mwisho, timu ya Ngongoti ikiongoza kwa pointi moja. Wapinzani wakarusha, mpira ukaingia. Sasa wao ndio walikuwa mbele kwa pointi moja, na saa inasema zimebaki sekunde kumi na moja. Sikusikia kipenga. Kidole changu kikalala pale pale, kama siku zote kwa watoto.

Ngongoti alitoka nje ya mstari na mpira. Hakuwa na haraka. Akafuta kiganja kwenye bukta, akamtafuta mwenzake kwa macho, kwa sababu anajua sheria, na sheria ilikuwa inamwambia saa imesimama. Halafu akainua macho kwenye ubao wa saa. Nikaona uso wake ukibadilika. Akarusha kwa mwenzake, akarudishiwa, akakimbia uwanja mzima. Honi ililia mpira ukiwa bado mikononi mwake. Aliuachia, ukaingia bila hata kugusa chuma. Refa akapunga mikono: hakuna.

Kocha wake akaja mezani anahema. Refa akafika nyuma yake.

"Bibi, kikapu chao kilipoingia, ulisimamisha saa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Yote, neno kwa neno. Ningesema "sikusimamisha," zile sekunde zingerudishwa. Lakini kocha wa wapinzani alikuwa amesimama pale anatabasamu, na watu wote wananitazama.

"Nilisimamisha," nikasema. "Saa yangu haina kosa."

Karani wa kuandika pointi, kando yangu mezani, alikuwa ameinama anaandika; hakuona kitu. Refa akamgeukia Ngongoti. "Kapteni, kama unalalamika, saini hapa. Uliona nini kwenye ubao?"

Akanitazama. Si kwa muda mrefu.

"Sikuona," akasema. "Nilikuwa natazama kikapu."

Kalamu akairudisha mezani.

Nyumbani hakununa. Aliniitikia, alinitengea chakula, aliniuliza kama goti bado linauma. Ila hakunitania tena, na sisi tulikuwa tunataniana hata msibani. Siku ya nne nikaenda kibandani kwa fundi viatu nikamwambia ukweli. Aliweka chini sindano yake.

"Karatasi imeshasainiwa, Bibi. Na yule kapteni mwingine ameshapewa barua yake ya chuo."

Nikapitiliza mpaka kwa dobi. Ngongoti alikuwa peke yake na rundo la mashuka.

"Saa ilikuwa inatembea," nikamwambia. "Nilidanganya."

"Najua, Bibi. Niliona kumi na moja ikawa kumi, ikawa tisa."

"Sasa mbona hukusaini?"

"Ulikuwa umeshasema. Ningesaini, ningekuita mwongo mbele ya watu."

Nilitafuta mzaha. Miaka yote hiyo sijawahi kuukosa. Siku hiyo niliukosa. Akanipa pembe mbili za shuka, naye akashika mbili. Tukalivuta, tukalikunja, tukasogeleana. Tulipofika katikati akachukua pembe zangu mkononi bila kuinua macho, akavuta shuka lingine.