Mji Uliotolewa kwa Kitendawili

Nchi ya Gubigubi imejengwa kama ngazi. Juu kabisa, Kileleni, wanakaa wenye vilemba; chini kabisa, Bondeni, wanakaa wenye vichwa vitupu; na huko chini unapita Mto Mwororo, unaobadilisha nguo kuliko bibi harusi. Kileleni ukubwa wa mtu hupimwa kwa urefu wa kilemba, na kilemba si kilemba mpaka kiwe na rangi mpya, kwa hiyo kiwanda cha kutia rangi hakilali, na maji yake machafu hushuka kwa bomba pana hadi Bondeni, likayatapika mtoni. Ikiwa ni msimu wa vilemba vya kijani, bata wa Bondeni huingia majini weupe wakatoka kijani. Msimu wa vyekundu, uji wa watoto huwa mwekundu. Mtukufu Mapindo, mtawala wa yote haya, ana kilemba kirefu hata hulala ameketi.

Bondeni aliishi Siwatu, na mwanawe mchanga Kibibi, aliyejaa vipele tangu shingoni hadi visiginoni. Mtoto alijikuna, mama akamkuna, na haja ya Siwatu ilikuwa moja tu: watu wa kupima waje wapime maji pale mdomoni mwa bomba.

Watu wa kupima walikuwa wakija, tena kila mwaka. Lakini sheria ya Gubigubi inasema maji ya mji hayapimwi bila ruhusa ya mwenye mji, na mwenye miji yote ni Mapindo, naye huruhusu yapimwe maji ya birika lake la chai. Yakishaonekana safi, watu wa Bondeni huitwa, hupewa soda na biskuti, kisha huombwa wanyooshe mikono kukubali. Huko ndiko kunakoitwa kushirikisha wananchi.

Mwaka huo akaja mpimaji mgeni, Zakiya, ambaye hakuwa ameelekezwa vizuri. Akasema, "Leo wenyeji wafungue kikao kwa desturi yao."

Sasa, Bondeni kikao hufunguliwa kwa vitendawili. Mapindo akacheka, akakubali. Kitendawili kitamfanya nini mtu mwenye kiwanda?

Siwatu akasimama, mtoto mgongoni. "Kitendawili."

"Tega," akaitika Mapindo, maana ndiye mkubwa wa kikao.

"Nguo yangu asubuhi kijani, jioni nyekundu, na nikiivaa najikuna."

Kila mtu alijua. Bata walijua. Mapindo naye alijua, lakini akiutaja mto mbele ya yule mgeni, atakuwa amekiri kwa kinywa chake jambo alilolikana miaka yote.

"Hiyo kanga," akasema.

"Siyo."

"Shati la mpiga ngoma."

"Siyo, baba. Umeshindwa. Nipe mji."

Watu wakaguna kwa raha. Katika mchezo huo anayeshindwa hutoa mji, na watoto hugawa miji wasiyoiona hata ndotoni. Lakini Mapindo hakuzoea kutoa, hata kwa mchezo kulimuuma. Akaipitia miji yake moyoni kama mtu aliyeambiwa achague kidole cha kukatwa. Kileleni, hapana. Mji wa asali, hapana. Mwishowe pua yake ikamsaidia.

"Chukua Bondeni," akasema, "pamoja na harufu yake."

"Nimepokea. Basi nilikwenda Bondeni, nikaoga, nikatoka na vipele. Jibu ni mto."

Zakiya akakohoa. "Mtukufu, kwa sheria yenu, ruhusa ya kupima hapa anatoa nani sasa?"

"Mimi."

"Lakini mji umeshautoa, na watu wote wamesikia." Akamgeukia Siwatu. "Mama, unaruhusu?"

"Pimeni, mwanangu. Anzeni pale bomba linapotapika."

Wakapima. Zakiya akawasomea kwa maneno ya kawaida: rangi ile ndiyo inayokula ngozi za watoto. Mapindo akasema jambo hilo litaangaliwa. Siwatu akasema mjini kwake limeshaangaliwa, akawaita kina mama wenzake, wakaokota ukingoni vilemba vyote vya msimu uliopita vilivyotupwa na wakubwa, wakaliziba bomba, wakashindilia kwa visigino.

Rangi, iliyozoea kushuka tu, ikajifunza kupanda. Ikajaa kiwandani, ikatokea kwenye mabafu ya Kileleni, ikafika chini ya viti vya enzi.

Akaja tarishi, miguu ya buluu. "Mtukufu anasema, mama, ule ulikuwa mchezo."

"Ndiyo. Mji umetoka kwa mchezo, utarudi kwa mchezo. Aje atege chake. Nikishindwa, nampa."

Mapindo akashuka, buluu hadi magotini, akasimama mbele ya watu wa Bondeni, ambao safari hii hawakupewa hata soda.

"Kitendawili," akasema.

"Tega, baba."

Akafumbua kinywa. Maishani mwake hakuwahi kuwauliza watu hawa swali na kuwaachia walijibu wenyewe. Akautazama mto, hauna rangi hata kidogo. Akajikuna goti.

"Hatuna haraka," Siwatu akamwambia. "Fikiri taratibu."

Mpaka leo yupo pale, kinywa wazi, na ile buluu isiyojua cheo cha mtu imempanda hadi kifuani. Kama kilemba kitaokoka au hakitaokoka, Bondeni bado wanabishana. Siwatu humpelekea kitumbua kila asubuhi, asije akafikiri na njaa.