Wageni wa Mkurugenzi Josaphat

Jumatatu jioni Kaswera alisonga bugali wa watu wawili, yeye na marehemu mume wake, na marehemu hakuja.

Salomon alikuwa seremala pale Vuhovi, na tangu azikwe hakuwahi kukosa. Giza likianza kuingia aliinama mlangoni, akavuta kiti chake kifupi karibu na moto, akalalamika kwamba sombe, mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi. Kaswera alimjibu kwamba mtu asiyekula asimfundishe kupika. Wakakaa hivyo mpaka makaa yakazimika. Hayakuwa maisha makubwa, lakini yalikuwa yao.

Jumanne hakuja pia. Jumatano jirani yake, Providence, alipita akitoka kuchota maji, akampa habari bila kutua ndoo.

"Bwana yako eko kwa Directeur. Amekaa tu kwenye lupango, pale uani kwake."

Kaswera aliona wivu, wivu mtupu, kana kwamba Salomon amefumaniwa. Akajifunga kitenge, akaenda.

Ua wa Josaphat, mkurugenzi wa shule anayofundisha Kaswera, ulikuwa umejaa. Kwenye mabenchi walikaa wafu wa walimu wote: baba wa mwalimu Gamaliel na fimbo yake, mama wa mwalimu Florentine, na dada wa mwalimu Jokébed, yule aliyefariki kabla ya harusi. Mke wa mkurugenzi alikuwa akianua nguo, akiwaomba wasogeze miguu.

"Unafanya nini huku?" Kaswera aliuliza.

"Unaniuliza mie?" Salomon alijibu. "Weye njo ulimupatia Directeur namba yangu. Mwenye eko na namba, njo niko naye."

Hapo Kaswera akaelewa. Mishahara ya walimu hupitia benki mjini Butembo, na barabara haiaminiki kila siku. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi walimu humkabidhi mkurugenzi kadi zao, kila moja imebandikwa plasta mgongoni, na juu ya plasta namba ya siri kwa kalamu ya bluu. Josaphat hupanda pikipiki, akawatolea wote, akarudi akieleza kwamba mashine imekula kidogo kwa kila kadi. Ili wasisahau namba, walimu walichagua miaka ya kuzaliwa ya watu wao waliokufa. Kaswera alikuwa akienda benki mwenyewe mpaka mwezi huu, goti lilipomkatalia. Naye akabandika plasta yake, na mwaka wa Salomon juu yake.

Asubuhi aliichukua tena kadi yake kwa Josaphat kwa adabu, akapanda pikipiki, goti likiuma njia nzima. Benki alihudumiwa na Falonne, msichana aliyehamia Butembo na wazazi wake walipokimbia Beni. Kaswera alimweleza kwamba ametoa namba yake na mumewe amehama. Falonne aliendelea kuandika.

"Inafikaka mingi, Mama. Tutabadilisha. Hii karte haikopeshe mutu feza, inakutolea tu feza yako mwenyewe. Namba hapana patia mutu. Ata Directeur, ata pasteur, ata bwana yako. Na mwaka wa kuzaliwa hapana weka, kijiji nzima inaujua."

"Na mashini inakula ngapi?"

Falonne alimchapishia karatasi. Mashine haikuwa imekula kitu. Mshahara ulitoka wote, mpaka faranga ya mwisho, siku ile Josaphat alipokuwa mjini. Kaswera aliisoma mara mbili. Hasira ikampanda, lakini kulikuwa na jambo kubwa kuliko hasira.

"Nikitosha mwaka wake kwa namba, niweke ingine, yeye ataenda wapi?"

"Kwenye anapenda, Mama."

Miaka yote ya ndoa yao Kaswera alimshika Salomon kwa kumwita, kwa kumpikia, kwa kumgombeza; sasa anaombwa amwachie. Akaufunika mkono wake kwa kitenge, akabonyeza namba isiyo ya mtu yeyote.

Jioni alisonga bugali wa watu wawili. Giza liliingia, na mlango ukabaki mtupu. Akapakua. Akala tonge moja. Ndipo Salomon akainama mlangoni.

"Chumvi," alisema, kabla hata hajakaa.

Kaswera alicheka huku machozi yakimtoka.

"Uliweka namba gani?" Salomon aliuliza.

"Sitakuambia."

Kesho yake aliwaonyesha walimu wenzake ile karatasi. Waliisoma, wakaipitisha, wakamrudishia. Florentine alisema barabara ni mbaya. Gamaliel alisema Directeur ni mutu wa kanisa. Mwisho wa mwezi uliofuata Josaphat akazunguka na kopo la biskuti la kukusanyia, na kadi zikaingia moja moja na plasta zao. Alipofika kwa Kaswera alimsalimia vizuri, akauliza goti linaendeleaje, akapita.

Jioni hiyo mke wa mkurugenzi alibisha hodi. Walimu wawili wapya wameletwa shuleni na wamekabidhi kadi zao, alisema, na wageni uani hawana pa kukaa. Kwa kuwa Salomon ni seremala, je, angeweza kuwaongezea benchi moja?

Salomon alifikiri, akavuta kiti chake karibu na moto.

"Kesho," alisema. "Leo niko kwetu."