Mayai Matano ya Alhamisi

Alfajiri ile fundi saa alimwota mkewe tena. Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, gauni lake la kijani limelowa umande mpaka magotini, anawahesabu kuku kwa kidole: watatu, watano, watatu, watano, kama mtu anayetafuta hesabu itakayompendeza. Fundi akataka kumwuliza kinachomsumbua. Saa zote za ukutani zikaanza kugonga, kila moja kwa wakati wake, naye akaamka na swali lake bado liko mdomoni.

Ulikuwa mwezi wa nne tangu mke afariki. Mtaani walimwita Sekunde, maana saa ya mteja ikichelewa hata kidogo hakuirudisha. Lakini saa za nyumbani kwake siku hizi zilikwenda zinavyotaka. Alilala akizisikiliza, hii ikidai saa tano, ile ikibisha, na akaona heri zibishane kuliko nyumba ikae kimya.

Ndipo alipokuja mama mkwe. Alikuja kwa wiki mbili tu, kumtazama mkwe anayeishi kwa chai na mkate. Alikuja na sanduku la bluu na tenga lenye kuku wawili weupe, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Wiki mbili zikawa tano. Nyumba ikaanza tena kunukia vitunguu. Bibi huyo, mkunga mstaafu aliyekula chumvi nyingi, aliongea na masufuria, na mlango unaokwama, na picha ya binti yake. Fundi aliyasikia yote kutoka kwenye meza yake ya kazi, lenzi jichoni, kama mtu anayesikiliza mvua akiwa amejifunika vizuri.

Shida ilikuwa kuku. Marehemu aliacha watatu wekundu, watagaji hodari. Siku weupe walipoingizwa bandani, amani ikatoweka. Wekundu waliwafukuza wageni kwenye chakula, wakawadonoa visogo, wakawanyima nafasi kwenye mti wa kulalia. Na katika vurugu hizo wote watano wakaacha kutaga, wenyeji na wageni, kana kwamba wamekula njama. Mama mkwe akaongeza chombo cha pili cha maji. Akatandika nyasi mpya kwenye viota. Akawatenga weupe kwa siku kadhaa, akawarudisha jioni wakati wenzao wanasinzia. Wapi! Viota vikabaki vitupu.

Jumanne, wakila, mama mkwe aliweka kijiko chini.

"Sikiliza, baba. Hawa kuku ni wa mwanangu, na mimi ndiye niliyewavuruga. Ikifika Jumamosi hawajataga, nachukua wangu narudi kwangu."

Sekunde alitaka kusema kaa. Neno lenyewe silabi mbili tu, lakini alilimeza pamoja na chakula. Mkwe ni mkwe. Kumwomba mama wa watu abaki nawe, na aliyewaunganisha hayupo tena, si jambo la kuropoka mezani.

"Sawa, Mama," akasema, na hapohapo akajiona mjinga wa mwisho. Jumatano asubuhi sanduku la bluu lilikuwa limesimama kando ya mlango wa sebule.

Alhamisi, kabla jua halijatoka, alishuka uani na mayai mawili ya dukani, moja kila kwapa, ili yapate joto. Ukungu ulikuwa umeumeza ukuta, na banda lilionekana kama linaelea. Alisimama pale amebana mikono, mtu mzima na masharubu yake, akiatamia. Kuku watano wakamtazama.

"Msinichongee," akawanong'oneza.

Akayafukia nusu kwenye nyasi, akarudi kitandani. Usingizi haukumchukua sawasawa. Mkewe alikuwa mlangoni tena, na safari hii alikuwa anacheka.

"Baba! Njoo uone!"

Mama mkwe alikuwa jikoni na bakuli. Akafunua kitambaa. Mayai matano.

Fundi aliyahesabu mara mbili, kama kazi yake ilivyomzoeza. Yeye aliweka mawili. Basi matatu ni ya kuku! Moyo ukamruka. Mama mkwe naye uso ulimng'aa, akakaanga mayai yote matano huku akiimba chini chini, na mchana kutwa fundi alifanya kazi kama mtu anayeogelea. Kuku wameanza. Hakuna haja ya kudanganya tena.

Kwa hiyo Ijumaa hakuweka kitu. Alikaa mezani akisubiri. Mama mkwe alikawia sana bandani. Aliporudi, aliliweka bakuli mezani polepole. Lilikuwa tupu.

Walilitazama wote wawili. Ukutani saa mojawapo ikagonga saa mbili, nyingine ikafikiri kidogo, nayo ikagonga.

"Mama," fundi akasema, akijikaza kisabuni, "yale ya jana. Mawili niliyaweka mimi."

Bibi akainua macho. "Mawili tu?"

"Mawili tu."

"Mungu wangu," akasema, akajishika kifua. "Matatu ni yangu, ya dukani. Nilitoka nayo humu ndani, yakiwa chini ya kitambaa. Nilipoyakuta yale mawili kwenye nyasi, nilijua wametaga."

Kicheko kilimtoka fundi kabla hajakijua, na cha bibi kikafuata, wakacheka mpaka machozi. Kisha machozi yakabaki na kicheko kikaisha.

"Hakuna kuku aliyetaga," bibi akasema, akijifuta. "Tuliotaga ni sisi."

"Kaa, Mama," Sekunde akasema. "Watage, wasitage. Nyumba hii siiwezi peke yangu."

Mama mkwe alikunja kitambaa mara nne, akakilaza ndani ya bakuli.

"Basi lile sanduku lipandishe juu ya kabati. Nimechoka kujikwaa."

Fundi akaenda mlangoni, akainama, akalishika kwa mikono miwili kama mtu anayejiandaa kwa mzigo, akavuta kwa nguvu. Nusura aanguke chali. Sanduku lilikuwa jepesi. Halikuwa na kitu ndani, na halikuwa limewahi kuwa na kitu tangu liliposimamishwa pale Jumatano.

"Usiniangalie hivyo," bibi akasema kutoka jikoni. "Panda kiti, weka."